Vishazi, kauli ya kutendwa na usemi taarifa vya Kiingereza: mwongozo kamili kwa wanaokwama palepale

Jioni nne kwa wiki nasahihisha madaftari ya vijana wa kidato cha tatu na cha nne hapa Ujiji, mkoani Kigoma, na kwa muda mrefu sasa kalamu yangu nyekundu inasimama kwenye sentensi zilezile:

"The fish which I bought it was fresh."
"Although he was sick but he came."
"When I will arrive, I will call you."
"He was died by his father."
"She said that she is coming."
"He asked me where do I live."

Miandiko tofauti, makosa yaleyale. Na wanaoyaandika si wavivu. Kanuni wanazijua kwa moyo. Umwamshe mmoja usiku wa manane atakutajia jinsi yambwa, yaani mtendwa, inavyohamia mwanzo wa sentensi. Kinachowaangusha ni kwamba wanaandika Kiingereza huku Kiswahili kikiwa kimeshika usukani. Kiswahili kina vishazi, kina kutendwa na kina usemi taarifa, yaani kuripoti maneno ya mtu, tena kwa ufundi mkubwa. Ila zipo njia panda ambapo Kiswahili kinakata kushoto na Kiingereza kinakata kulia. Njia panda hizo ni chache, zinahesabika, na ukizijua moja moja utajua hasa pa kupunguza mwendo.

## Andaa vitu hivi kwanza

Daftari kubwa la kaunta buku, moja tu, la kazi hii peke yake. Mazoezi yakitawanyika kwenye karatasi huwezi kuona kosa linalojirudia.

Kalamu ya bluu ya kuandikia, nyekundu ya kujisahihishia, na penseli.

Boksi tupu kutoka dukani. Likate vipande 60 vya ukubwa wa karata.

Orodha ya vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni, yenye umbo la kwanza, la pili na la tatu, kama "go", "went", "gone". Kamusi nyingi na vitabu vingi vya sarufi huwa nayo kurasa za mwisho.

Mtu wa kukusikiliza. Si lazima ajue Kiingereza vizuri. Kazi yake utaiona hatua ya kwanza.

Dakika 45 kila siku kwa wiki tatu. Saa tano za Jumamosi moja hazitakufikisha popote, maana hapa unazoeza mkono.

Onyo moja kabla hatujaanza: usifungue mitihani iliyopita sasa. Inapima unachokijua, haikufundishi usichokijua. Itafika zamu yake.

## Hatua ya 1: Hesabu vitenzi, ndipo utaje vishazi

Kishazi ni kundi la maneno lenye kiima, yaani anayezungumziwa, na kitenzi chenye wakati. Kwa hiyo usianze na majina ya vishazi. Anza kwa kuhesabu vitenzi.

"The boats that left Kibirizi last night have returned."

Vitenzi vyenye wakati ni viwili: "left" na "have returned". Basi vishazi ni viwili. Sasa hii:

"Selling fish at Kibirizi is hard work."

Wengi husema viwili, kwa sababu wameona "selling". Lakini "selling" ikiwa peke yake haina wakati, sawa na "kuuza" ya Kiswahili. Kitenzi ni "is" tu, kishazi ni kimoja. Vivyo hivyo "to sell".

Ukishahesabu, pima kipi kinasimama chenyewe. Msomee mwenzako kishazi kimoja kisha unyamaze. Mwambie, "The lake was rough." Ataitikia kwa kichwa, habari imekamilika, hicho ni kishazi huru. Mwambie, "Because the lake was rough." Atakuuliza, "Ehe, ikawaje?" Hicho ni tegemezi. Asiyejua Kiingereza mtafsirie kwa Kiswahili, kipimo ni kilekile.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuchukua aya yoyote ya sentensi kumi, ukahesabu vishazi vyake vyote bila kukosea, na ukaonyesha kwa kidole kitenzi cha kila kimoja.

## Hatua ya 2: Futa kiwakilishi kinachojirudia

Sisi tunasema "samaki ambaye nilimnunua". Hiyo "-m-" ndani ya kitenzi inamrudia samaki, na kwetu ni sawa kabisa. Ndiyo inayozaa "the fish which I bought it". Kwa Kiingereza "which" imeshambeba samaki. Ukiongeza "it" umembeba mara mbili.

Fanya hivi. Andika sentensi mbili fupi kwa penseli:

"The fish was fresh. I bought it."

Futa "it" kwa kifutio, kabisa, karatasi ibaki nyeupe. Weka "which" mbele ya kishazi hicho, kisha kipachike baada ya "the fish":

"The fish which I bought was fresh."

Kifutio kina maana yake. Nimejaribu kuwaambia wanafunzi wakumbuke tu, haisaidii. Mkono ukifuta mara thelathini, mara ya thelathini na moja hauandiki.

Kosa lina ndugu yake kwenye mtenda: "the man who he sold me the net". Tena futa, "who" imeshachukua nafasi ya "he". Andika "the man who sold me the net".

Kisha "ambaye mtumbwi wake". Hapa wanafunzi huandika "the fisherman who his boat sank". Kila ukisikia "amba-" ikifuatwa na "-ake" au "-ao" ya umiliki, neno lako ni "whose": "the fisherman whose boat sank". Hakuna "his" tena.

Mahali pia pana mtego. "The house where I live in" ina wabebaji wawili wa mahali, "where" na "in". Chagua mmoja: "the house where I live" au "the house which I live in".

Mkato (,) nao hubadili maana, si pambo. Linganisha:

"My brother who lives in Kasulu is a tailor."
"My brother, who lives in Kasulu, is a tailor."

Ya kwanza inasema nina kaka zaidi ya mmoja, namtaja yule wa Kasulu. Ya pili inasema kaka yangu ni mmoja, na kwa kuongezea tu, anakaa Kasulu. Na kumbuka kuwa kati ya mikato miwili "that" haitumiki. Tumia "who" au "which".

Umefaulu ukiunganisha jozi ishirini za sentensi na kalamu nyekundu ikakosa kiwakilishi cha kufuta.

## Hatua ya 3: Kiunganishi kimoja kinatosha

"Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja." Kwa mazungumzo yetu hakuna atakayekushangaa. Kiingereza kinakataa. Vishazi viwili vinafungwa kwa kamba moja:

"Although he was sick, he came."
"He was sick, but he came."

Ndivyo ilivyo pia kwa "because" na "so". Ukiona viwili katika sentensi ya vishazi viwili, kata kimoja.

Sasa tuje kwenye mtego ninaouona mgumu kuliko yote ya vishazi. Kiswahili kinasema "nitakapofika Tabora nitakupigia". Ile "-taka-" ni wakati ujao, kwa hiyo mkono unaandika "when I will arrive in Tabora". Kiingereza hakiweki "will" ndani ya kishazi cha wakati au cha sharti. Kinaiweka upande mmoja tu:

"When I arrive in Tabora, I will call you."

Hivyo hivyo baada ya "before", "after", "until", "as soon as" na "if" ya sharti. Mtu anayesema "mvua ikinyesha" asiandike "if it will rain". Andika "if it rains".

Lakini mwanafunzi mwangalifu ataniuliza: mbona watu husema "I don't know when the train will arrive"? Swali zuri, na jibu limo katika Kiswahili chako mwenyewe. Tafsiri kishazi hicho. Ukipata "-po-", kama "itakapofika", ondoa "will". Ukipata "lini", kama "sijui treni itafika lini", "will" ibaki. Kwa "if" pima hivyo hivyo: ukipata "-ki-" au "iwapo", ondoa, ukipata "kama atakuja au la", acha, ndiyo maana "I don't know if he will come" ni sahihi.

Andika sentensi kumi za "nitakapo-" na kumi za "lini", zichanganye, uzitafsiri. Ishirini kwa ishirini ndiyo alama ya kuvuka.

## Hatua ya 4: Umbo la tatu, kabla ya kutendwa

Hatua hii ni fupi lakini hairukwi. Kwenye kila kipande cha boksi andika umbo la kwanza upande mmoja, la pili na la tatu upande wa pili. Pitia vipande ishirini kwa siku. Unavyokosa virudi juu ya fungu.

Vya kuchunga: "cut", "put" na "hit" havibadiliki. "Catch" na "teach" huishia "caught" na "taught". "Find" huwa "found", lakini "found" yenye maana ya kuanzisha huwa "founded". "Lie" ya kulala huwa "lay" kisha "lain", wakati "lay" ya kulaza au kutaga huwa "laid" zote mbili.

Ukipatia 55 kati ya 60 bila kusita, endelea.

## Hatua ya 5: Gawa kazi mbili za kutendwa

Kiswahili hubeba kutendwa ndani ya kitenzi kwa "-w-": uza, uzwa. Wakati nao unakaa humohumo. Neno moja limemaliza kila kitu, na Kiha cha nyumbani nacho hupenda kubeba mengi ndani ya kitenzi kimoja. Kiingereza kinagawa kazi kwa maneno mawili: "be" inabeba wakati, umbo la tatu linabeba kutendwa. Anayesahau "be" anaandika "the fish sold yesterday". Anayesahau umbo la tatu anaandika "the fish was sell". Wote wawili wamefanya nusu ya kazi.

Tazama migebuka ikiuzwa katika nyakati zote. Kwa Kiingereza nitaiita "fish" tu:

Huuzwa: "Fish are sold here."
Wanauzwa sasa hivi: "Fish are being sold."
Waliuzwa: "Fish were sold."
Walikuwa wakiuzwa: "Fish were being sold."
Wameuzwa: "Fish have been sold."
Walikuwa wameshauzwa: "Fish had been sold."
Watauzwa: "Fish will be sold."
Wanaweza kuuzwa: "Fish can be sold."

Neno "sold" halikutikisika hata mara moja. Kilichobadilika ni "be" peke yake. Kwa hiyo ukipewa sentensi ya kugeuza, jiulize kwa mpangilio huu: kitenzi cha asili kiko wakati gani? "Be" ya wakati huo ni ipi? Kiima kipya ni umoja au wingi? Umbo la tatu ni lipi?

Swali la umoja au wingi ndilo hunyang'anya alama za bure. "The women carry the basket" inageuka "The basket is carried by the women". Wanawake ni wengi, lakini kikapu ni kimoja, na sasa kikapu ndicho kiima.

Umefaulu ukiweza kuandika mistari hiyo minane kwa vitenzi vingine vitano bila kuangalia juu.

## Hatua ya 6: Mitego ya kutendwa

"Na" na "kwa". Kiswahili kimekufanyia kazi hapa, kitumie. "Kamba ilikatwa na Juma kwa kisu." Penye "na" ya mtenda weka "by", penye "kwa" ya kifaa weka "with": "The rope was cut by Juma with a knife." Tukiandika "by a knife" tumemgeuza kisu kuwa mtenda.

Kufiwa. "Alifiwa na baba yake" ni Kiswahili safi, kwa sababu kwetu "-fiwa" ipo. Kwa Kiingereza "die" haina yambwa, na kitenzi kisicho na yambwa hakiingii katika kauli ya kutendwa. Andika "He lost his father" au "His father died". Vitenzi vingine vya namna hiyo ni "go", "come", "arrive", "happen", "sleep". Kosa la "the accident was happened" linatoka hapa. Andika "the accident happened".

Yambwa mbili. "They gave me a net" ina mlango wa kwanza, "I was given a net", na wa pili, "A net was given to me". Mtihani ukikuambia anza na neno fulani, mlango umeshachaguliwa, ingia huohuo.

Kihusishi kilichosahaulika. "Her grandmother looked after the baby" ikigeuzwa, "after" inabaki: "The baby was looked after by her grandmother." Mwishoni soma kitenzi chote cha asili uhakikishe hakuna kipande kilichobaki nyuma.

"Make" na "to". "They made him sweep the yard" haina "to". Ikigeuzwa, "to" inarudi: "He was made to sweep the yard."

Swali la "who". "Who broke the window?" huwa "By whom was the window broken?" au "Who was the window broken by?"

"By" isiyo na kazi. "People", "someone", "they" wasiojulikana hutupwa. "People speak Swahili in Kigoma" huwa "Swahili is spoken in Kigoma". Hapo penye "by people" hapana habari yoyote mpya.

Kuna zoezi moja ninalolipenda kwa hili, nalo linatoka ziwani mbele yetu. Nakili aya hii ya Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, kwa bluu, kisha pigia mstari kila "be" kwa nyekundu:

"The ship was built in Germany in 1913. It was taken apart, packed in boxes and brought to Kigoma, where it was put together again. In 1916 it was sunk by the Germans themselves. It was raised in 1924, and since 1927 it has been called Liemba."

Waliojenga, waliopakia, walioibua, wote hawakutajwa, maana msomaji anafuatilia meli. "By" imejitokeza mara moja tu, pale ambapo mtenda ndiye habari: waliozamisha ni haohao wenye meli. Angalia pia "was" ilivyoandikwa mara moja ikabeba "taken", "packed" na "brought". Na mwisho "has been called", kwa sababu jina lilianza zamani na bado linatumika.

Sasa andika aya yako ya sentensi sita: jinsi mawese yanavyotengenezwa, au jinsi dagaa wanavyovuliwa usiku hadi kukaushwa mchangani. Ikiwa umeweka "by" zaidi ya mara mbili, rudi ujiulize kila moja inaleta habari gani. Msomaji akiweza kufuata kazi yote kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukuuliza nani alifanya, umefaulu.

## Hatua ya 7: Usemi taarifa, miondoko minne

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa wa lugha zetu mbili, kwa hiyo twende taratibu.

Jana dada alisema, "Ninakuja." Leo tunaripoti: "Dada alisema kwamba anakuja." Ile "-na-" haikuguswa. Kiswahili kinahesabu wakati kuanzia pale maneno yalipotamkwa. Alipotamka, kuja kulikuwa kunaendelea. Kiingereza kinahesabu kuanzia pale anaposimama anayeripoti. Yeye yuko leo, maneno yako jana, kwa hiyo kitenzi nacho kinasukumwa nyuma: "She said that she was coming."

Hii ndiyo sababu "she said that she is coming" inakuja yenyewe mkononi. Ni Kiswahili sahihi kilichovaa maneno ya Kiingereza.

Ngazi ya kushukia ni hii. "Sell" hushuka kuwa "sold". "Am selling" huwa "was selling". "Sold" na "have sold" zote huwa "had sold". "Will" huwa "would", "can" huwa "could", "may" huwa "might", "must" huwa "had to". Zilizoko chini tayari, yaani "had", "would", "could", "might" na "should", zinabaki.

Usishuke katika hali mbili. Kitenzi cha kuripoti kikiwa wakati uliopo: "He says that he is tired." Na jambo likiwa kweli siku zote: "The teacher said that Lake Tanganyika is deeper than Lake Victoria." Kina cha ziwa hakikupita na jana.

Kuhusu "say" na "tell", acha kubahatisha. "-sema" ni "say", "-ambia" ni "tell". Huwezi kusema "alinisema kwamba anakuja", na kwa sababu hiyohiyo huwezi kuandika "he said me". Huwezi kusema "aliambia kwamba" bila kumtaja aliyeambiwa, basi usiandike "he told that". "Aliniambia" ni "he told me". Imekwisha.

Sasa miondoko yote minne kwa mfano mmoja. Jumanne uko sokoni Mwandiga, mama muuza mawese anakuambia, "Mwanangu, nitakutunzia mawese yako hapa mpaka utakaporudi kesho." Kwa Kiingereza:

"I will keep your oil here until you come back tomorrow."

Ijumaa uko nyumbani, unasimulia.

Kwanza, nani kamwambia nani? Mama, mimi: "The woman told me that".

Pili, viwakilishi. "I" ni yeye, "she". "Your" ni yangu, "my". "You" ni mimi, "I". Neno "you" ndilo linalopoteza wengi, kwa kuwa hubadilika kulingana na aliyekuwa mbele ya msemaji. Ukichanganyikiwa, igizeni watu wawili, mmoja aseme, mwingine amsimulie wa tatu.

Tatu, vitenzi. "Will keep" hushuka, "would keep". "Come" hushuka, "came". Na unakumbuka kwa nini ilikuwa "come" na si "will come", ingawa Kiswahili kilisema "utakaporudi"? Rudi hatua ya 3 kama umesahau.

Nne, mahali na siku. Hauko sokoni tena, "here" inakuwa "there". Kesho yake ilishapita, "tomorrow" inakuwa "the next day".

"The woman told me that she would keep my oil there until I came back the next day."

Nyingine za kubadili: "yesterday" huwa "the day before", "today" huwa "that day", "now" huwa "then", "ago" huwa "before", "this" huwa "that". Ukiripoti siku ileile na mahali palepale si lazima ubadilishe. Kwenye mtihani badilisha, isipokuwa sentensi yenyewe ikikuonyesha vingine.

Fanya mifano kumi na tano ukiandika miondoko yote minne pembeni, hata kama unaona jibu moja kwa moja. Anayeruka mwondoko mmoja kwa haraka huwa ni uleule kila mara, na daftari litakuonyesha ni upi.

## Hatua ya 8: Maswali na amri

"Aliniuliza ninaishi wapi." Swali likiripotiwa kwa Kiingereza linaacha kuwa swali, linakuwa kishazi cha kawaida: kiima mbele, kitenzi nyuma, "do" na "did" zinaondoka, alama ya kuuliza inaondoka.

"Where do you live?" huwa "He asked me where I lived."

Swali la ndiyo au hapana halina neno la kuulizia, kwa hiyo linaazima "if" au "whether", ile "kama" yetu: "He asked me if I had eaten." Usitie "that" kabla yake.

Amri huchukua "to", katazo "not to". "Msiguse nyavu" huwa "He told us not to touch the nets". Wengi huandika "to don't touch". Ondoa "do" yote. "Let's" huwa pendekezo: "She suggested going home early." "Please" haitajwi tena, nafasi yake inachukuliwa na kitenzi kama "asked" au "begged".

Na ukiripoti, ripoti maana. Maneno ambayo Stanley husimuliwa kuyasema hapa Ujiji mwaka 1871, "Dr Livingstone, I presume?", ukiyageuza neno kwa neno utapata kitu kisichosomeka. Maana yake ni kwamba alimuuliza kama yeye ndiye: "Stanley asked him if he was Dr Livingstone."

## Hatua ya 9: Changanya, kisha jipime

Kwa siku tano za mwisho, kila siku sikiliza watu wakisema Kiswahili stendi, mwaloni, dukani. Nasa sentensi tatu. Jioni zitafsiri kwa usemi halisi wa Kiingereza, kisha uziripoti. Ukipata yenye kishazi na kutendwa kwa pamoja, umeokota dhahabu. Kwa mfano shangazi kasema, "Samaki niliowanunua jana walivuliwa karibu na Ujiji":

"The fish which I bought yesterday were caught near Ujiji."
"My aunt said that the fish which she had bought the day before had been caught near Ujiji."

Hesabu ndani yake: hakuna "them" baada ya "bought", "be" imeshuka kuwa "had been", siku imebadilika.

Halafu jipime kwa hizi sita bila kuangalia juu.

1. Unganisha: "I met a girl. Her father repairs boats."
2. Sahihisha: "I will wait until the rain will stop."
3. Geuza: "Someone has stolen our nets."
4. Geuza, anza na "The children": "They made the children carry water."
5. Ripoti: "Have you seen my brother?" the old man asked me.
6. Ripoti: "Don't leave your bags here," the policeman told us.

Majibu:

1. "I met a girl whose father repairs boats."
2. "I will wait until the rain stops."
3. "Our nets have been stolen."
4. "The children were made to carry water."
5. "The old man asked me if I had seen his brother."
6. "The policeman told us not to leave our bags there."

Ukikosa ya kwanza, rudi hatua ya 2. Ya pili, hatua ya 3. Ya tatu, hatua ya 5. Ya nne, hatua ya 6. Ya tano au ya sita, soma hatua ya 7 na ya 8 kwa pamoja, maana mara nyingi kosa la hapo ni la kiwakilishi. Ukipata sita zote siku mbili tofauti, fungua mitihani iliyopita sasa, anza na maswali ya kuandika upya sentensi, na kalamu nyekundu iwe karibu.